Kuchomoa betri hakuzimi eabegi papo hapo

Gereji nyingi bado zinaamini kwamba ukishachomoa betri, eabegi (mfuko wa hewa unaofyatuka kumkinga mtu kwenye ajali) imekufa, fungua usukani tu. Sivyo. Ndani ya boksi linaloongoza eabegi mna kapasita inayotunza umeme makusudi, ili mfuko ufyatuke hata ajali ikikata waya wa betri. Umeme huo hauishi papo hapo, hata kama taa zote za dashibodi zimezimika. Zima swichi, toa waya wa hasi, kisha subiri: Toyota husema angalau sekunde 90, Honda dakika 3. Ndipo uguse soketi za njano za waya za eabegi. Mita ya kupimia ohmu usiiguse kabisa kwenye eabegi yenyewe. Mkondo wake mdogo unaweza kuifyatua. Ukishaitoa, ilaze nembo ikitazama juu. Ikifyatuka ikiwa kifudifudi, yote nzima inarukia dari.