Ruzuku ya serikali kwa vikundi: ni pesa gani, na hupatikanaje

Ruzuku ni fedha za umma, au vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha hizo, ambazo kikundi hupewa kwa kazi iliyotajwa kwa maandishi, na ambazo hakirudishi iwapo kazi hiyo imefanyika. Watu wengi hukumbuka neno "hakirudishi" tu, lakini matatizo mengi hutoka kwenye "kazi iliyotajwa". Kikundi kilichopewa pesa za tangi la maji kikanunua ng'ombe kimevunja makubaliano, hata kama ng'ombe huyo anawafaa wanachama kuliko tangi, na serikali ina haki ya kudai fedha zake. Hali ni hiyo hiyo kwa wanachama wanaogawana pesa kila mtu akaenda na fungu lake.

Tuchukue Kenya, ambako mifuko ni mingi na huchanganywa sana. Kabla ya kujaza fomu yoyote, uliza kama ni ruzuku au mkopo. Mfuko wa Uwezo ni mkopo: hautozi riba, lakini kuna ada ya utawala ya asilimia 3, na marejesho huanza baada ya miezi 6. Mfuko wa vijana ulioanzishwa mwaka 2006, ule wa wanawake wa 2007, na Hustler wa 2022 pia ni mikopo. Wasomaji wa Tanzania wana jambo lao la kuangalia: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba lakini lazima irejeshwe. Vikundi vingi vimeingia kwenye madeni kwa sababu kiongozi mmoja aliwaambia wenzake "pesa za serikali zimekuja" na hakuna aliyeuliza zaidi.

Ruzuku yenyewe kwa vikundi vya kijamii nchini Kenya hupita zaidi kwenye NGAAF, mfuko wenye ofisi katika kaunti zote 47 na unaohusishwa na mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Unawalenga wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, wazee na watoto wenye uhitaji. Hutoa hundi kwa vikundi, na mara nyingi vifaa: mahema na viti vya kukodisha, matangi, vifaa vya saluni, mashine za kusaga. NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge, umejikita kwenye miradi ya umma kama madarasa pamoja na basari. Michezo nayo imo, ila kwa kiwango kidogo cha hadi asilimia 2 ya mgao wa eneo bunge, na tuzo za pesa taslimu haziruhusiwi. Ndiyo maana timu hupata jezi na mipira badala ya bahasha. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko huu inakiuka katiba, ikaupa muda hadi tarehe 30 Juni 2026, kwa hiyo kabla ya kuandika ombi ulizia ofisi ya eneo bunge mambo yamefikia wapi.

Kwa timu za mtaani kuna hatua ambayo wengi huiruka. Sheria ya Michezo ya 2013 inamtaka Msajili wa Michezo aandikishe klabu, vyama vya kaunti na mashirikisho ya kitaifa, kila kimoja kwa ngazi yake. Cheti cha kikundi cha kujisaidia hakichukui nafasi ya cheti cha klabu. Na kwa kuwa katiba imeweka michezo ya mashinani na viwanja vyake chini ya serikali za kaunti, mlango wa kwanza wa timu ya kijijini ni ofisi ya michezo ya kaunti. Mfuko wa kitaifa wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii hushughulika zaidi na mashirikisho na timu za taifa. Kuuandikia moja kwa moja kutoka kijijini ni kupoteza miezi.

Vikundi visivyo vya michezo husajiliwa chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, kupitia afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lenu. Kwa kawaida kikundi huwa na watu wasiopungua 10. Mnahitaji kumbukumbu za mkutano ulioamua kusajili kikundi, orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho na sahihi, katiba ya kikundi, na viongozi waliochaguliwa. Cheti kina muda wake na huhuishwa kila baada ya miaka 2. Kikundi kikongwe chenye cheti kilichokwisha huwekwa kando mezani sawasawa na kikundi kisicho na cheti kabisa.

Hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia, na hayafi kwa sababu wazo ni baya. Chukua cheti, kitabu cha benki, muhuri na katiba yenu, viweke pamoja mezani na usome jina kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Kama cheti kimeandikwa "Umoja Women Self Help Group" na akaunti ni "Umoja Women Group", hundi itakataliwa benki, na kuiandika upya kunaweza kuvuka tarehe 30 Juni, siku ambayo mwaka wa fedha wa serikali unafungwa. Halafu angalia waweka sahihi. Mweka hazina aliyehamia mji mwingine bila kuondolewa kwenye akaunti anaweza kuzuia pesa kwa muda mrefu kuliko serikali yenyewe. Kumbadilisha kunahitaji kumbukumbu za mkutano, sahihi za viongozi na safari za benki, kwa hiyo lifanyeni kabla tangazo la ruzuku halijatoka. Akaunti ya mwenyekiti binafsi haikubaliki, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Ombi lenyewe halihitaji kurasa nyingi. Linahitaji hesabu. Tuseme kikundi cha akina mama kinaomba mahema na viti vya kukodisha. Viti 200 kwa shilingi 850 kila kimoja ni 170,000. Mahema 2 kwa 75,000 ni 150,000. Usafiri wa kuvileta ni 12,000, na kikundi kinasema kitaulipa chenyewe. Ombi ni 320,000, na bei zimeambatishwa kwa maandishi kutoka kwa wauzaji watatu. Hizi ni bei za kielelezo, tafuteni za kwenu. Kinachomsaidia anayekagua ni sehemu inayofuata: viti vikikodishwa kwa shilingi 10 na kila hema kwa 2,500, shughuli moja huingiza 7,000, na shughuli tatu kwa mwezi huingiza 21,000. Ondoa gharama za mkokoteni na za vijana wa kusimamisha mahema. Ondoa pia 4,250 za kununua viti 5 badala ya vilivyovunjika, maana viti vya plastiki huvunjika kila mwezi na kikundi kisichoweka fungu hilo hujikuta na viti nusu baada ya miezi 20 hivi. Andikeni pia vitalala wapi na nani atashika ufunguo. Kikundi kilichotaja stoo na mtu wa kuitunza kinaaminika kuliko kilichoandika aya nzima kuhusu kuinua maisha ya jamii.

Gharama zinazosahaulika ndizo huua miradi baada ya picha za makabidhiano. Tangi la lita 10,000 bila mifereji ya bati na bila msingi wa zege ni plastiki iliyosimama uani. Likijazwa, maji peke yake ni tani 10, na udongo laini utazama upande mmoja hadi tangi lipasuke. Mashine ya kusaga inahitaji umeme unaotosha nguvu ya mota yake, pamoja na vipuri. Ikiwa mfuko haulipi vitu hivi, onyesheni kwamba kikundi kimeshavichangia.

Fomu ya ombi haiuzwi, na hakuna asilimia ya kumpa mtu "anayejua ofisi". Akija anayedai chai ili faili lisogee, msimpe, na ombi lenu lipelekeni wenyewe ofisini mkiwa viongozi wawili, kwa nakala mbili, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo utawafaa baadaye.

Pesa zikiingia, siku hiyo hiyo fungueni daftari la mradi huo peke yake. Kila matumizi yaandikwe pamoja na namba ya risiti, na risiti za karatasi nyembamba zipigwe picha maana wino wake hufifia. Vifaa vipewe namba kwa rangi isiyofutika na viandikwe kwenye daftari la mali. Hizi ni fedha za umma, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua mifuko iliyozitoa, hivyo karatasi zenu zinaweza kuulizwa mwenyekiti wa sasa akiwa ameshaondoka. Bei ikishuka na pesa zikabaki, au ikipanda na zikapungua, andikeni barua kuomba ruhusa ya kubadilisha bajeti kabla ya kununua. Mkinunua kwanza na kueleza baadaye, mkaguzi ataona matumizi yasiyoidhinishwa tu.

Mkinyimwa, ombeni sababu kwa maandishi. Sheria ya Kenya ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la raia, na isipojibu mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki (CAJ), ile inayojulikana pia kama Ombudsman. Barua iwe fupi: jina la kikundi, tarehe ya muhuri wa kupokelewa, na maswali mawili tu, yaani ombi lilipungukiwa na nini, na awamu nyingine inatarajiwa lini.