Kompyuta ya DNA haitibu saratani: dhana potofu na ukweli

"Kompyuta ya DNA ukidungwa, inaitafuta saratani yenyewe na kuimwagia dawa." Kompyuta ya DNA ni mchanganyiko wa nyuzi za DNA zilizosanifiwa zikutane na kutoa jibu kulingana na molekuli zinazozikuta. Kauli hii huletwa na wagonjwa, ndugu zao, hata wahudumu wa afya, na wapo wanaouliza kama waisubiri badala ya kuanza tiba waliyoandikiwa. Wasisubiri. Hakuna kompyuta ya DNA iliyoidhinishwa kutibu ugonjwa wowote wa binadamu.

Chimbuko la dhana hii ni jaribio la kweli. Mwaka 2004 Ehud Shapiro na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walitengeneza mfumo wa DNA uliotumia FokI, kimeng'enya kinachokata DNA, kukagua mRNA (nakala za jeni ambazo seli husoma) zinazoashiria saratani ya tezi dume. Masharti yote yakitimia, mfumo uliachia uzi mfupi wa DNA wa kuzima jeni lililolengwa. Yote hayo yalifanyika ndani ya tyubu, kwenye bafa safi (maji ya chumvi yenye asidi iliyodhibitiwa), na molekuli za kupimwa ziliandaliwa maabara. Vichwa vya habari viliruka sehemu hiyo, na vinaendelea kuiruka.

Ndani ya damu mambo ni mengine. Uzi mmoja wa DNA usiolindwa huanza kukatwakatwa na vimeng'enya ndani ya dakika chache, na vipande vifupi huchujwa na figo. Unaweza kuukinga kwa kubadili uti wake kuwa wa fosforothioeti (salfa ikichukua nafasi ya oksijeni moja), lakini badiliko hilo hugusa pia nguvu ya kushikana kwa besi, yaani herufi za DNA, hivyo lango, kipande cha DNA kinachofanya ukokotoaji, lililopimwa vizuri kwenye bafa inabidi lisanifiwe upya.

Hata hivyo, kinachoangusha miradi mingi ni uvujaji, yaani lango kutoa jibu bila kupewa ingizo, na hiki ndicho watu hawataki kukisikia. Lango la kawaida ni nyuzi mbili zilizoshikana, moja ikiwa imeachiwa kishikio cha besi 5 hadi 8. Uzi wa ingizo hunasa kwenye kishikio, kisha huusukuma uzi ulioshikana hapo besi moja baada ya nyingine mpaka ung'oke. Uzi uliong'oka ndio jibu, nao huwa ingizo la lango linalofuata. Kwenye karatasi, pasipo ingizo hakuna jibu. Kwenye tyubu, ncha za nyuzi hufunguka na kujifunga zenyewe kila wakati, na nyuzi nyingine zilizomo hupenya hapo bila kuitwa. Ongeza makosa ya utengenezaji: kila besi ikiunganishwa kwa ufanisi wa 99%, uzi wa besi 100 hutoka mzima kwa 37% hivi tu. Zilizobaki zina mapengo, na penye mapengo jibu la uongo hutoka kwa urahisi.

Piga hesabu. Lango liko kwenye ukolezi wa nanomola 10 (nanomola 1 ni pikomola 1,000), linavuja 1% tu. Hapo una pikomola 100 za jibu la uongo. MikroRNA (RNA fupi inayodhibiti jeni) unayoitafuta kwenye seramu, yaani majimaji ya damu, inaweza kuwa pikomola 1 au chini yake. Uongo umeuzidi ukweli mara 100, na kifaa kinamwambia mtu mwenye afya njema kwamba anaumwa. Wengine hushauri lango lipunguzwe hadi pikomola 1. Kasi ya mmenyuko huu, hata kishikio kikiwa bora, ni takriban milioni moja kwa mola kwa sekunde. Lango na ingizo vyote vikiwa nanomola 10, nusu ya nyuzi hukamilisha kazi kwa dakika mbili hivi. Zikiwa pikomola 1, utangoja zaidi ya siku 11.

Uvujaji hauondoki, hupunguzwa. Kwa anayejenga lango maabara: agiza nyuzi zilizosafishwa kwa jeli. Ziunganishe kwenye bafa ya Tris na EDTA yenye magnesi milimola 12.5: nyuzijoto 95 kwa dakika 5, kisha shusha digrii 1 kwa dakika hadi 20. Baada ya hapo safisha tena lango zima kwa jeli isiyovunja mishikano, maana nyuzi zilizokosa wenzake ndizo chanzo cha kwanza cha fujo. Kwenye ncha ongeza kibano cha besi 2 au 3 za ziada ili zisifunguke ovyo. Na kila mara, kila mara, weka tyubu isiyo na ingizo na uiache muda uleule kama nyingine. Grafu isiyoonyesha tyubu hiyo haistahili kusomwa.

Matumaini ya kweli ya kitabibu yako nje ya mwili, kwenye sampuli iliyokwisha kutolewa. Mwaka 2018 kikundi cha Georg Seelig cha Chuo Kikuu cha Washington kilionyesha namna nyuzi za DNA zinavyoweza kujumlisha viwango vya RNA za jeni kadhaa, kila jeni na uzito wake, ili kutenganisha maambukizi ya bakteria na ya virusi. Uzito unawekwa kwa idadi ya vinasaji, yaani nyuzi fupi za DNA, vinavyoshika RNA ya jeni husika. Vya upande chanya na vya upande hasi hufutana, na kinachobaki ndicho jibu. Hapa ingizo tayari ni molekuli, kwa hiyo hakuna haja ya kuligeuza kwanza kuwa data. Kazi ya aina hii inastahili fedha na subira kuliko roboti wa kwenye mishipa.

Zipo dhana nyingine. "Ina kasi kuliko kompyuta zote." Hapana. Leonard Adleman alipotumia DNA kutafuta njia inayopita kila mji mara moja kati ya miji 7 mwaka 1994, kazi ya maabara ilichukua siku 7. Sakiti ya DNA ya Lulu Qian na Erik Winfree ya mwaka 2011 ilihitaji hadi saa 10 kutoa kipeuo cha pili cha namba isiyozidi 15. Usambamba wa matrilioni ya nyuzi upo, ila unalipiwa kwa uzito: Juris Hartmanis alikokotoa mwaka 1995 kwamba njia ya Adleman kwa miji 200 ingedai DNA nzito kuliko dunia.

"Itabadilisha jeni zangu." Nyuzi fupi hizi hazina vifaa vya kujipachika kwenye kromosomu. Hofu halali ni kinga ya mwili, kwa sababu mfuatano wa besi C na G usio na methili (alama ya kikemia iliyo kwenye DNA yetu) huamsha TLR9, kipokezi cha kinga kinachotambua DNA ngeni.

"DNA inahifadhi data nyingi, basi inakokotoa vizuri." Hizo ni fani mbili. Kuhifadhi petabaiti 215 (petabaiti moja ni gigabaiti milioni moja) kwa gramu, kama Yaniv Erlich na Dina Zielinski walivyokadiria mwaka 2017, hakuharakishi ukokotoaji hata kidogo.

"Ukiinunua unaitumia miaka." Malango mengi hutumika mara moja. Uzi ukishang'oka, lango limekwisha, na kipimo kinachofuata kinahitaji tyubu mpya.