Mkao wa Kufa: Namna Ninavyomtambua Nematodi wa Udongoni

Jambo la kwanza ninaloliangalia kwa nematodi wa udongoni, mnyoo mdogo wa kutazamwa kwa hadubini, ni mkao aliofia. Muuaji namjua: ni mimi, na maji ya moto ya nyuzijoto 60 hivi. Helicotylenchus hujiviringa kama gamba la konokono. Pratylenchus hunyooka kama njiti. Xiphinema wengi hupinda mithili ya mwezi mwandamo. Mkao haunipi jina la spishi, ila hunionyesha mlango wa kubisha.

Kabla ya hapo lazima nimpate. Faneli ya Baermann, iliyobuniwa mwaka 1917, bado inatumika: udongo juu ya kitambaa, kitambaa kiguse maji, nematodi hujinyonganyonga mpaka wakatoka, kisha huzama hadi kwenye shingo ya faneli. Wazito wa mwendo, kama jamii ya Criconematidae, hubaki humo humo udongoni, na mtu asiyelijua hilo ataandika kwamba hawapo. Hao nawatafuta kwa chekeche.

Nematodi wanafanana mno, lakini wana hisani moja: miili yao ni angavu, kwa hiyo viungo vya ndani husomeka bila kupasua. Naanzia mdomoni. Sindano yenye vifundo vitatu kwenye kitako ni ya ukoo wa Tylenchida, ambao wengi wao hufyonza mizizi au kuvu. Sindano iliyochongwa ncha kama kalamu ya unyoya ni ya Dorylaimida. Bomba tupu lisilo na sindano? Huyo huenda anakula bakteria. Mdomo kama pipa, ndani yake jino kubwa, ni Mononchus, mla wenzake.

Kisha vipimo. Tangu de Man, mtaalamu wa nematodi wa karne ya 19, tunagawanya urefu wa mwili kwa upana wake na kuita a. Kwa urefu wa koo, b. Kwa mkia, c. Jike mwenye mikroni (elfu moja za milimita) 800 kwa 25 ana a ya 32. Tundu lake la uke likiwa mikroni 440 kutoka kichwani, V, yaani asilimia ya urefu wa mwili hadi kwenye tundu hilo, ni 55. Napima majike wazima 20 nikiwapata; watoto siwahesabu, kwa kuwa viungo vya uzazi havijakamilika.

Mwanzoni mwa kazi hii niliwahi kushangilia spishi mpya, mnene kuliko ndugu zake wote. Kumbe kioo cha juu kilikuwa kimemkandamiza! Sasa naweka vipande vya nyuzi za kioo pembeni, vyenye unene kama wake, ndipo nafunika.

Hata vipimo vizuri hukwama. Caenorhabditis elegans, aliyeelezwa na Maupas mwaka 1900, na C. briggsae wanakaribia kufanana kabisa kwa macho. Huko natumia DNA, au nawapandisha nione kama watazaa.

Ikibainika kweli ni mgeni, namchora. Picha hunasa tabaka moja jembamba tu, ilhali mkono huunganisha matabaka yote niliyoyapitia kwa kuzungusha skrubu ya hadubini. Mmoja namteua kuwa holotipu, kielelezo kinachobeba jina, wengine paratipu. Wote hulala ndani ya gliserini, kioo kimezungushiwa nta, na lebo naiandika kwa wino usiofutika kabla sijawapeleka makumbusho.