Bastola ikikugomea mara moja bila sababu

Kila mara naulizwa, mwalimu, bastola imegoma mara moja tu pale reinji (uwanja wa kulenga shabaha), nimeisafisha, nimepiga boksi zima haijarudia, si imepona? Mimi huwaambia imenyamaza tu, na sisemi kwa kusikia, maana Glock 19 yangu mwenyewe, ile nilikuwa natembea nayo, ilinifanyia vivyo hivyo.

Risasi ya tatu, magazini ya pili. Tik! Nikauacha mtutu unatazama shabaha nikahesabu hadi 30, baruti saa zingine huchelewa kushika, ndio nikavuta slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma) risasi ikadondoka. Fataki yake (kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na pini ili baruti ishike) ina kidonda kidogo tu kama imebonyezwa na ncha ya ukucha, na maganda mengine yote yamebonyea kisawasawa. Nikafungua bastola yote, sioni kitu, springi nzima, pini nzima, njia ya pini kavu (hapo kuna watu hupenda kumwaga mafuta, jamani acheni, yanashika uchafu halafu pini inagonga kivivu).

Sasa tupige hesabu kidogo. Tuseme inagoma mara 1 kwa kila risasi 500. Ukipiga 50, uwezekano wa kutoona chochote ni kama asilimia 90, na ugonjwa uko palepale. Ukipiga 200 bado ni kama asilimia 67. Mpaka uanze kuamini kweli unataka karibu 1,500 safi, na kwa bei za risasi hapa Kenya nani huyo, tena cheti chenyewe cha kumiliki silaha kimekupimia risasi za kushika.

Kwahiyo boksi moja safi halijakuambia kitu. Mimi nimeandika namba kwenye magazini zangu kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nina daftari, na nabadilisha kitu kimoja kimoja, kwa sababu ukibadilisha springi na magazini na aina ya risasi siku moja halafu ikaacha kugoma, utajuaje ni nini kilikuwa kibovu?

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa risasi yenyewe. Ni ya zile za kutembea nazo, ile ya juu unaitoa chemba jioni asubuhi unairudisha, miezi na miezi, mpaka kichwa kinaingia ndani ya ganda na fataki inachoka. Nikaisimamisha mezani kando ya mpya, kweli imefupika kidogo. Nikafurahi kama nimemshika mwizi! Lakini risasi iliyochoka haielezi kwa nini pini iligonga kidogo vile, labda fataki ilikuwa haijakaa sawa tangu kiwandani, labda springi ilisita, sijui.

Springi ya pini nimeweka mpya, ni pesa kidogo. Ile risasi iko sefuni ndani ya chupa ya dawa, bastola pia iko humo, nikitoka natoka mikono mitupu. Daftari limefika risasi 340.