Ile nafasi tunayoacha kwenye kuzidisha ni ya nini?

Mwanafunzi anazidisha 23 kwa 14. Anaandika 92 mstari wa kwanza, anashuka, anaacha nafasi moja upande wa kulia, anaandika 23, anajumlisha. 322. Anapata vema. Mimi hupenda kumpa hesabu ya pili: 23 kwa 104. Wengi huiruka sifuri (wanajua haizalishi kitu), wanaacha ile ile nafasi moja, na jibu linatoka 322 tena. Namuuliza: kwa hiyo 14 na 104 ni sawa? Kimya.

Kazi yangu ni kuwanoa walimu, na kosa hili nimesikia likielezwa kwa kila nadharia ya ujifunzaji, hasa za wanasaikolojia watatu: Skinner, Piaget na Vygotsky. Mfuasi wa Skinner atasema mtoto hakupewa mazoezi ya kutosha na kuambiwa papo hapo amepata au amekosa. Wa Piaget atasema hajajijengea dhana ya makumi na mamia. Wa Vygotsky atamtafutia anayejua zaidi amshike mkono kwa muda, halafu amwachie. Wote wana hoja. Ila macho yao yako kwa mwanafunzi zaidi; ile njia ya kuzidisha yenyewe hakuna anayeigeuza kuitazama, kana kwamba iliokotwa tu.

David Perkins wa Chuo Kikuu cha Harvard aliigeuza. Katika kitabu chake cha 1986, Knowledge as Design, anapendekeza tuyatazame maarifa kama tunavyotazama kisu au bisibisi: kitu kilichosanifiwa na watu kwa kazi fulani. Basi kiulize: lengo lake nini? Kimeundwaje? Mfano wake halisi uko wapi? Na hoja gani zinaonyesha kwamba kinafaa?

Rudi kwenye 23 kwa 14; huo ndio mfano wetu halisi. Lengo ni kuzidisha namba kubwa kwa kutumia jedwali dogo tu, lile la tarakimu moja moja. Muundo ni kuivunja 14 iwe 4 na 10. Ile 23 ya mstari wa pili kumbe ni 230, na nafasi iliyoachwa ni sifuri ambayo hatukuiandika kwa uvivu. Hoja nayo ni fupi: mafungu kumi na manne ya 23 ni mafungu manne ukijumlisha mafungu kumi. Aliyefika hapa, kwenye 104 anaona mwenyewe kwamba ile 1 inasimamia mia, anaandika 2300, anapata 2392.

Swali la hoja ndilo tunalolikwepa zaidi darasani, nadhani kwa sababu linamruhusu mwanafunzi kuuliza kama kuna njia bora kuliko ya mwalimu. Na zipo.

Mtazamo huu hauingii kila mahali. Jiwe kuanguka hakukusanifiwa na mtu. Kanuni ya Newton inayoeleza mwanguko huo ndiyo iliyosanifiwa, na ndiyo ya kuulizwa maswali hayo. Orodha ya majina ya mifupa utaikariri tu. Hata kuzidisha, tukishamaliza maswali yote manne, huwa namrudia Skinner: mazoezi, tena mengi.