Kura ya Bradford Hill na Chandarua cha Malindi

Mzee mmoja wa Shella, hapa Malindi, alinisimamisha barazani baada ya sala ya alasiri. "Mwanangu, nyinyi wa takwimu za afya mwasema sigara yaua. Mimi navuta tangu ujana, na sasa nina miaka 60. Jirani yangu hakuvuta hata siku moja, na mwaka jana tumemzika. Hesabu yenu hiyo yasemaje?"

Ni swali la haki, na jibu lake linaanzia kwa mtu ambaye hakuwa daktari. Austin Bradford Hill, Mwingereza aliyezaliwa 1897, alitaka kusomea udaktari, lakini kifua kikuu alichokipata wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kikamlaza muda mrefu. Akasoma uchumi kwa njia ya posta, kisha akaingia kwenye takwimu.

Ugonjwa huo huo alikutana nao tena baada ya Vita vya Pili. Streptomaisini ilikuwa dawa mpya, na Uingereza ilikuwa nayo kidogo mno. Apewe nani? Daktari mwenye huruma angempa aliye mahututi; anayetaka dawa isifiwe angempa aliye na nguvu zaidi. Vyovyote vile, matokeo yangekwenda upande kabla sindano haijachomwa. Hill akataka kura iamue. Si kura ya uchaguzi, ni ile ya mchezo wa pesa, kina mama wanapookota vikaratasi wajue nani apokee kwanza. Majibu yalitiwa ndani ya bahasha zilizofungwa, na daktari hakujua mgonjwa wake ataangukia kundi gani mpaka awe amekwisha kubaliwa kuingia kwenye jaribio. Waliosoma picha za eksirei nao hawakuambiwa ni za kundi lipi. Matokeo yalichapishwa 1948: kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 4 walifariki ndani ya miezi sita, kati ya 52 waliopumzika tu, 14.

Najua wengi huiona kura kuwa dhuluma. Nimeshaulizwa na wazazi kwa nini mtoto wa fulani apate na wangu akose. Mimi naona hivi: dawa isipowatosha watu wote, kura ni haki kuliko kujuana. Na pale ambapo hakuna ajuaye kama dawa inaponya au inadhuru, huenda aliyekosa ndiye aliyesalimika.

Kura hiyo imefika hadi kwetu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kilifi, kusini mwetu, walitaka kujua kama chandarua kilichotiwa dawa kinaokoa watoto kweli au kinapunguza usumbufu wa mbu tu. Waliopigiwa kura hapa hawakuwa watu mmoja mmoja bali maeneo mazima, maana mbu hajui mpaka wa nyumba. Matokeo yakatoka 1996: kwenye maeneo yenye vyandarua, vifo vya watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitano vilipungua kwa takriban asilimia 33, na kulazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Majaribio ya Gambia na Ghana yalielekea huko huko. Chandarua anachopewa mja mzito kliniki leo kimepita kwenye hesabu hiyo.

Sigara ilikuwa na ugumu wake. Huwezi kumpigia mtu kura ukamwambia, wewe vuta miaka 20 tuone. Kwa hiyo Hill na mwenzake Richard Doll walilinganisha wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu na wagonjwa wengine 709 wasio na saratani hiyo. Kati ya wanaume 649 wenye saratani hiyo, 2 tu hawakuwa wavutaji. Kati ya 649 wa upande wa pili, 27. Hiyo ni 1950. Mwaka uliofuata wakawaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza kama wanavuta, na zaidi ya 40,000 wakajibu. Wanaume miongoni mwao, kama 34,000, walifuatiliwa kwa miaka 50. Hill alifariki 1991, Doll akaendelea. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha alipoona tarakimu zake.

Basi nikamwambia mzee: mvuvi aliyetoka kusi likivuma akarudi salama hajathibitisha kuwa kusi halizamishi ngalawa. Twahesabu ngalawa zote. Na katika hesabu ya madaktari wale, mvutaji wa maisha alipoteza wastani wa miaka 10 hivi. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliepuka karibu hasara yote, na aliyeacha akiwa na 60 alijiongezea kama miaka 3.

Mzee akahesabu kwa vidole. "Ramadhani tatu," akasema. Kisha akapapasa mfuko wa kanzu, akaniuliza kama ile sigara moja iliyobaki nayo inahesabiwa.