Je, wajua kwa nini mtu aliyepasukiwa na mshipa mkuu tumboni huweza kuzinduka na kuomba maji?

Tumchukulie mzee wa miaka sabini na kitu, mkazi wa Ngamiani jijini Tanga, aliyevuta sigara tangu ujana wake kwenye mashamba ya mkonge na mwenye presha anayoimezea dawa siku akikumbuka. Baada ya Isha anainuka barazani, na ghafla maumivu makali yanamshika kiunoni upande wa kushoto na kupenya hadi tumboni. Jasho la baridi linamtoka, macho yanaingia kiza, anaanguka. Wanamlaza mkekani na kumpepea, na muda si mrefu anafumbua macho, anawatambua wote waliomzunguka na kuomba maji ya kunywa. Mkewe anashusha pumzi: “Alhamdulillahi, ilikuwa presha tu. Mwacheni baba yenu apumzike, asubuhi mtampeleka hospitali.”

Uamuzi huo una huruma ndani yake, na katika magonjwa mengi usingekuwa na ubaya wowote. Lakini kama kilichompata mzee huyu ni kupasuka kwa aota, basi nafuu ile ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na huenda asubuhi isimkute. Ili kuelewa nafuu hiyo inatoka wapi, inabidi kwanza tuujue mshipa wenyewe.

Aota ndiyo ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, iliyo kubwa kuliko zote mwilini. Huanzia upande wa kushoto wa moyo, hupanda kidogo, hupinda, kisha huteremka mbele ya uti wa mgongo ikipita kifuani na kuingia tumboni, hadi karibu na usawa wa kitovu inapogawanyika kuwa ateri mbili zinazoelekea miguuni. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipenyo chake tumboni ni kama sentimita 2. Ukuta wake una nyuzi zinazovutika na kurudi kila moyo unapopiga, na nyuzi hizo zikiharibika kwa miaka mingi, hasa kwa sababu ya sigara, umri, presha na mafuta yanayoganda ndani ya mishipa, sehemu moja ya ukuta hulegea na kutanuka. Kipenyo kikifika sentimita 3 au zaidi, madaktari huita utanuzi huo aneurizimu. Anayeendesha baiskeli, na Tanga ni wengi, ameshaona tairi lililochanika likiruhusu mpira wa ndani kutokeza nje: pale panapotokeza ndipo mpira unapokuwa mwembamba zaidi, na ndipo unapozidi kutuna badala ya pengine pote. Aota nayo iko hivyo. Kadiri kipenyo kinavyoongezeka, ndivyo mvutano unaoukabili ukuta unavyozidi, hata kama presha ya damu haijabadilika, na hiyo ni kanuni ya fizikia inayohusishwa na Mfaransa Laplace. Kwa hiyo uvimbe hukua polepole kwa miaka, kwa kawaida bila maumivu yoyote, na kadiri unavyokua ndivyo uwezekano wa kupasuka unavyopanda.

Ukipasuka, kinachoamua mambo ni upande ulipotobokea. Tundu likiwa mbele, damu humiminika kwenye uwazi wa tumbo usio na cha kuizuia, na mtu hufariki dakika chache baadaye, mara nyingi kabla hajafikishwa popote. Lakini mara nyingine ukuta hutoboka kwa nyuma, kwa kawaida upande wa kushoto, mahali ambapo aota imebanwa kati ya uti wa mgongo, misuli na utando unaofunika matumbo. Damu inayotoka hapo hujazana katika nafasi finyu, na ikishajaa hulisukuma lile tundu kutoka nje. Wakati huohuo presha imeshuka kwa sababu damu imepotea, kwa hiyo msukumo wa kutokea ndani nao umepungua, na damu iliyotoka huanza kuganda. Mambo hayo matatu yakikutana, uvujaji hupungua sana au husimama kwa muda. Ubongo hupata tena damu ya kuutosha, mtu huzinduka, na kiu anayoihisi ni mwili unaodai maji uliyoyapoteza pamoja na damu.

Muda huo wa kusimama haujulikani urefu wake. Unaweza kuwa nusu saa, unaweza kuwa saa kadhaa, na kwa wachache huwa siku. Albert Einstein ni mmoja wa hao wachache. Mwaka 1948 daktari mpasuaji Rudolph Nissen aliikuta aota yake ikiwa imevimba tumboni, na kwa kuwa wakati huo haikuwapo njia ya kuibadilisha, aliizungushia karatasi ya selofani ili mwili utengeneze kovu la kuushikiza ukuta. Einstein aliishi miaka mingine zaidi ya sita. Aprili 1955 uvimbe ulianza kuvuja. Aliumwa siku chache akiwa na akili zake timamu, alikataa upasuaji, na tarehe 18 ya mwezi huo alifariki akiwa na miaka 76. Inasemekana hata dalili zake zilifanana zaidi na za ugonjwa wa mfuko wa nyongo, jambo linalotuleta kwenye ugumu mkubwa wa ugonjwa huu, yaani kuutambua.

Vitabu vya tiba hutaja dalili tatu zinazokwenda pamoja: maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, presha kushuka pamoja na kuzimia, na uvimbe unaodunda tumboni. Ukiziona zote tatu kwa mzee mmoja, hakuna la kujadili. Shida ni kwamba takriban nusu tu ya wagonjwa, au pungufu ya hapo, ndio huonyesha zote kwa pamoja. Wengine huja na moja au mbili, na ndiyo maana ninaona dalili ya kushikwa kwa nguvu kuliko zote ni mpangilio wa matukio: maumivu yaliyoanza kwa dakika inayojulikana, kisha kuzimia au kukaribia kuzimia, kisha nafuu. Mtu aliye zaidi ya miaka 60 akipita katika mlolongo huo, hata kama sasa amekaa anaongea, achukuliwe kuwa anavuja damu ndani mpaka kipimo kikanushe.

Maumivu yenyewe hudanganya kwa sababu hayakai pale ulipo mshipa. Damu iliyojikusanya nyuma ya tumbo hubana neva na kufuata njia za misuli, kwa hiyo mgonjwa hulalamikia kiuno, ubavu, nyonga, kinena, hata korodani. Pwani yetu mwanamume anayesema maumivu yanashuka kinenani hadi korodani ataambiwa ana ngiri, atapewa dawa ya mizizi na pengine kuchuliwa tumbo kwa mafuta ya nazi. Sina ugomvi na mafuta ya nazi. Lakini tumbo lenye damu iliyozuiwa na bonge bichi la damu iliyoganda halipaswi kukandwa wala kuchuliwa na yeyote. Hospitalini nako kosa hili lina sura yake: maumivu ya ubavu yanayoshuka kinenani hufanana mno na ya mawe ya figo, na mgonjwa huweza kupigwa sindano ya kutuliza maumivu na kurudishwa nyumbani. Mawe ya figo kwa kawaida huanza ujanani au katika umri wa makamo. Mzee anayedaiwa kuwa nayo kwa mara ya kwanza maishani, hasa ubavu wa kushoto, aangaliwe aota kabla ya kuambiwa jambo jingine.

Mashine ya kupimia presha nayo inaweza kupotosha. Namba ya juu ikisoma 110, aliyeshika mashine hufurahi. Kwa kijana ni sawa, ila kwa mzee ambaye kadi yake ya kliniki imejaa 170 na 180, hiyo 110 ni presha iliyoporomoka. Mapigo ya moyo pia hutarajiwa kwenda mbio damu inapopotea, lakini anayetumia dawa za presha kama atenololi au propranololi moyo wake huzuiwa usikimbie, na utulivu huo usimpumbaze mtu. Hata wingi wa damu ukipimwa mapema huweza kuonekana wa kawaida, kwa kuwa maji ya damu na chembe zake vimepotea kwa pamoja, na kile kilichobaki kwenye mishipa bado hakijachujuka. Kinachosema kweli zaidi saa ile ni sura ya mgonjwa mwenyewe: kupauka kwa viganja na midomo, jasho la baridi, kutotulia, kuchanganyikiwa, mkojo kuwa mchache, miguu kuwa baridi.

Uvimbe unaodunda hutafutwa hivi. Mgonjwa hulala chali na kukunja magoti kidogo ili misuli ya tumbo ilegee, kisha daktari huweka viganja viwili juu kidogo ya kitovu, kimoja kila upande wa mstari wa katikati, na kubonyeza taratibu. Kwa mtu mwembamba aota ya kawaida huhisika ikidunda na kuinua vidole kwenda juu, na hilo lisimtishe mtu. Aneurizimu huvisukuma viganja viachane, kimoja kulia na kingine kushoto, kila pigo la moyo. Kwa mtu mwenye kitambi, au ambaye presha yake imekwisha kushuka, huenda pasihisike chochote, kwa hiyo kutouona uvimbe si ushahidi kwamba haupo. Kipimo cha ultrasaundi hujibu swali la ukubwa wa aota kwa dakika chache tu, kitandani palepale. Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za ndani ya mwili zinazounganishwa na kompyuta, huonyesha na damu iliyovuja, ila humfaa mgonjwa ambaye hali yake inaruhusu kusubiri.

Kuna sura nyingine zisizo za kawaida. Aneurizimu ikitobokea kwenye utumbo mdogo, mgonjwa hutapika damu au hupata choo cheusi. Aota ikipasuka kifuani, maumivu huwa ya kifua au katikati ya mabega, pamoja na kuhema kwa shida au kukohoa damu, na wengine huwa wametangulia kupata sauti ya kukwaruza au shida ya kumeza kwa wiki kadhaa kwa sababu uvimbe ulikuwa unabana. Vijana nao hawako nje kabisa, kwani katika Afrika baadhi ya uvimbe wa aota hutokana na maambukizi kama kaswende, kifua kikuu na salmonela, au huonekana kwa wanaoishi na VVU. Hapo homa inayoambatana na maumivu ya mgongo hupewa uzito.

Sasa, mzee ameanguka na amezinduka. Alazwe, asitembezwe, asipakiwe kwenye bodaboda kama gari linaweza kupatikana. Asipewe chakula wala kinywaji, hata akibembeleza, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi muda mfupi ujao. Midomo ilowanishwe tu. Asimeze aspirini wala diklofenaki. Tanga mjini apelekwe moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, bila kupitia duka la dawa, na anayemsindikiza aseme maneno machache ya maana mlangoni: umri wake, kwamba maumivu yalianza ghafla saa fulani, kwamba alizimia, na presha yake ya kawaida ni ngapi. Ndugu wanaoweza kuchangia damu wafuate nyuma.

Watakaomhudumia watafanya jambo ambalo jamaa huliona la ajabu: wanaweza kuiacha presha ikae chini, namba ya juu kati ya 70 na 90, mradi mgonjwa ana fahamu na anajibu. Kumjaza maji ya dripu hadi presha irudi juu ni kuiongezea nguvu damu inayosukuma bonge, na bonge likiachia, nafuu yote huondoka nalo. Kwa sababu hiyohiyo wapasuaji humsafisha tumbo na kumfunika vitambaa akiwa bado macho, visu tayari mkononi, ndipo dawa ya usingizi iingie. Dawa hiyo hulegeza misuli ya tumbo iliyokuwa ikisaidia kubana, na presha inaweza kuanguka papo hapo. Kisha aota hubanwa juu ya tundu, na sehemu iliyoharibika hubadilishwa kwa mrija wa kitambaa cha poliesta, au mrija hupitishwa ndani kwa ndani kutokea kinenani.

Upasuaji wa namna hii ni wa hospitali chache. Kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, na kutoka Tanga hadi huko kwa barabara, kupitia Segera na Chalinze, ni takriban kilomita 350. Ukijumlisha wanaofia nyumbani na wanaofia hospitalini, hata katika nchi zenye vifaa vyote, takriban wagonjwa 8 kati ya 10 wanaopasukiwa hufariki. Kwa mkazi wa Tanga, basi, nafasi kubwa zaidi iko kabla ya kupasuka, kwa ultrasaundi ileile inayotumika kuwapima wajawazito. Uingereza huwaalika wanaume wote wapimwe mara moja wakifika miaka 65. Marekani hupendekeza hivyo kwa wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta sigara. Aota isiyofika sentimita 3 katika umri huo kwa kawaida haihitaji kufuatiliwa tena. Iliyozidi hapo hupimwa kila baada ya muda. Na ikifika sentimita 5.5 kwa mwanamume, au 5 kwa mwanamke, upasuaji wa kupangwa hufikiriwa, ambao hatari yake ni ndogo mno ukilinganisha na ule wa dharura. Wanawake hupata ugonjwa huu kwa uchache, lakini aota zao hupasuka zikiwa na kipenyo kidogo zaidi. Aliyegunduliwa nao awaambie ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wakubwa wakapimwe pia, kwa kuwa udhaifu wa ukuta wa aota huenda katika damu ya ukoo, na anayevuta sigara miongoni mwao aanze yeye.